Kuingia Bure Si Sababu ya Kuimbiwa na Flashi

Mwezi huu kikundi chetu kilikaa kikabishana sana, na safari hii hatukubishana juu ya kazi, wala vibali, wala mgao. Tulibishana juu ya muziki. Kuna waliosema, "Jamani, shida zote hizi tulizo nazo, nyinyi mnataka kuandika juu ya tamasha?" Tumewasikia. Lakini kadiri tulivyozidi kuongea ndivyo tulivyoona jambo hili si dogo. Ndiyo maana tunaandika.

Tunachosema ni hiki. Msanii mkubwa akiletwa kambini, kiingilio kikawa bure, halafu akasimama mbele yetu akifungua mdomo tu huku flashi ndiyo inayoimba, tuna haki ya kusema ametuangusha. Kusema hivyo si kukosa shukrani. Na wale waliomleta wana wajibu wa kutusikiliza, kama ambavyo wangewasikiliza watu waliokata tiketi.

Hatutataja jina la msanii wala la waliomleta. Hatutafuti ugomvi na mtu. Tena tukiwasiliana na wenzetu walioko kambi nyingine, wanatuambia hayo hayo: jina kubwa, gari kubwa, muziki mdogo.

Kwanza tueleze mambo yalivyokuwa, ili asiyekuwepo aelewe tunalalamikia nini.

Sisi tuko Uganda, upande wa kusini-magharibi. Wengi wetu tumetoka Kivu, wengine Burundi, wengine Rwanda. Matangazo yalianza wiki tatu mapema. Gari lilizunguka vijiji vyote na spika juu, likitaja jina ambalo kila mtu analijua, jina la mtu ambaye nyimbo zake tulizicheza kwenye harusi za Bukavu, Uvira na Goma kabla hatujakimbia. Na mtangazaji alisema maneno haya: atapiga laivu, na bendi yake yote. Tunayakumbuka vizuri, kwa sababu ni hayo yaliyowafanya hata wazee wetu waseme na wao watakwenda. Mzee wa miaka sabini hatoki nyumbani kwenda kumwangalia kijana anayerukaruka. Anatoka kwenda kusikia gita.

Siku yenyewe tuliambiwa tufike saa nne asubuhi. Kuna waliotembea masaa mawili, kuna waliopanda boda. Hotuba zilianza saa saba. Zilisomwa kwa Kiingereza, zikatafsiriwa kwa Kiswahili na Kinyarwanda, kwa hiyo kila hotuba tuliisikia mara tatu, wote tukiwa juani, wageni wakiwa chini ya hema. Bendi ya vijana wa hapa, ambayo ilifanya mazoezi miezi miwili kwa gita la kuazima, ilikuwa imeahidiwa nusu saa. Ilipewa wimbo mmoja. Ilipoanza wa pili, maiki ikazimwa, wakaambiwa muda umekwisha, mgeni yuko njiani.

Mgeni alifika saa kumi na moja jioni. Alikuja na wanenguaji wawili na kijana mmoja wa kompyuta. Gita hakuna, besi hakuna, ngoma hakuna. Flashi ikachomekwa. Akaimba, tuseme aliimba, nyimbo tano kwa muda usiofika nusu saa. Kwenye wimbo wa tatu alishusha maiki ili awapungie watoto mkono, na sauti yake ikaendelea kuimba bila yeye. Watoto wakacheka. Akanywa maji, sauti ikaendelea. Mama mmoja aliyekuwa karibu yetu akauliza, "Sasa huyu eko anaimba ama eko anakunywa?" Hakuna aliyemjibu.

Kuna jambo jingine ambalo Mkongomani yeyote atalielewa. Kwenye muziki wetu kuna libanga, yaani mwimbaji kuita majina ya watu katikati ya wimbo, mara nyingi wale waliompa pesa. Sisi hatuna shida na libanga, tumelizoea. Lakini siku ile aliita jina la waliomleta, akaita majina ya wakubwa waliokaa chini ya hema, mmoja baada ya mwingine, na jina la kambi yetu hakuliita hata mara moja. Watu elfu na elfu wamesimama mbele yake, na wimbo unaimbiwa hema.

Baada ya hapo picha zikapigwa, gari likaondoka. Picha hizo tumeziona mtandaoni. Tuko mle, mikono juu, meno nje. Ni kweli tuliinua mikono. Tuliinua mwanzoni, kabla hatujajua.

Watu walirudi makwao gizani, maana ratiba ilikuwa imechelewa masaa mengi. Dada wawili wa kikundi chetu walinyang'anywa simu njiani. Hatusemi msanii ndiye aliyewanyang'anya. Tunasema kuchelewa kwa mtu mkubwa kunalipwa na mtu mdogo anayetembea kwa miguu usiku.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Tulipolalamika, jibu tulilopewa lilikuwa moja: "Si ilikuwa bure? Mshukuru." Wengine walituambia hivyo kwa upole, wengine kwa kucheka, na hata baadhi ya wazazi wetu walisema, "Nyamazeni, msije mkasababisha wasilete kitu kingine." Tunaelewa hofu hiyo. Mkimbizi anajifunza mapema kwamba mtu anayelalamika anaandikwa kuwa msumbufu. Lakini hebu tulipime hilo neno bure.

Mtu aliyekuja pale aliacha kibarua cha siku nzima kwenye shamba la mtu. Aliyepanda boda alilipa kwenda na kurudi. Mama aliyekuja na watoto alikosa zamu yake kwenye foleni ya maji. Hapa Uganda mgao wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30 Aprili 2020, na tangu hapo umeendelea kushuka. Katika maisha ya namna hii siku moja si kitu cha kuchezea. Siku moja ni chakula.

Halafu, yule msanii alilipwa. Gari lake, hoteli yake, jukwaa, mitambo, jenereta, vyote vililipiwa. Na pesa hiyo ilitafutwa kwa kusema kuna vijana wakimbizi wanaohitaji burudani, matumaini na ujumbe wa amani. Vijana wenyewe ni sisi. Kwa hiyo tamasha lile halikuwa bure kabisa. Lililipwa, sema tu aliyelipa hakukaa juani. Na pesa ikilipwa kwa jina letu, basi kazi iliyofanyika ni ya kwetu, na tukisema kazi ni mbovu tunasema kama wenye mali.

Nyinyi watu wa mashirika mnalijua hili kuliko sisi. Mkitupa sabuni, mnakuja na fomu kutuuliza kama sabuni ilikuwa nzuri. Mkijenga vyoo, mnauliza. Mkigawa mbegu, mnauliza kama ziliota. Kuna masanduku ya maoni, kuna namba ya simu ya kulalamika, na tunawashukuru kwa hilo kwa moyo wote. Lakini baada ya tamasha hakuna aliyekuja na fomu. Ni kama vile mnadhani tumbo la mkimbizi lina maoni, ila sikio lake halina.

Na sikio letu lina historia. Tunaomba mtuvumilie kidogo hapa, kwa sababu msipoelewa hili hamtaelewa kwa nini wazee walirudi nyumbani kimya siku ile.

Muziki wetu ulivuka mipaka kabla yetu. OK Jazz ya Franco ilianza mwaka 1956 kule mji ambao leo tunauita Kinshasa. Miaka ya sabini na themanini bendi za Wakongomani zilijaa Afrika Mashariki. Nairobi walikuwepo Les Mangelepa, Super Mazembe, Samba Mapangala na Virunga yake. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978, akawa mtu wa pale mpaka alipofariki mwaka 2010, na Watanzania walimlilia kama ndugu yao. Hao nao walikuwa mbali na kwao. Nao walikuwa na shida za karatasi na za kodi ya nyumba. Lakini usiku ulipofika walipanda jukwaani na vyombo, wakapiga kwa mikono yao, watu wakacheza mpaka jogoo anawika. Wazazi wetu walilelewa na muziki huo, kwenye redio na kwenye baa. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa dunia nzima. Kwa hiyo tukisema laivu, tunajua tunachokisema.

Wimbo wetu una mwendo wake. Kwanza mnaimbiwa polepole, kisa kinaelezwa, waimbaji wanapokezana. Halafu magita yanashika njia, sebene linaanza, atalaku anaingia na maneno yake ya kuchangamsha, na hapo hakuna anayejua litaisha saa ngapi. Linategemea nyinyi mnaocheza. Mkiwasha moto, mpiga gita anawaangalia, anatabasamu, anarudia tena, anaongeza kitu. Mkichoka, anashusha. Sebene ni maongezi kati ya vidole vya mtu mmoja na viuno vya watu elfu. Wimbo ambao kwenye redio una dakika tano, jukwaani unaweza kwenda robo saa, na hakuna anayeuliza muda.

Flashi haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu flashi haiwaoni watu. Mngekufa kwa kucheza, dakika ya tano ikifika inakatika. Mngelala, nayo inaendelea. Hicho ndicho tulichonyimwa siku ile. Nyimbo zile tunazo kwenye simu zetu, tena zinasikika vizuri zaidi. Tulichokifuata pale ni kuonwa. Tulitaka mtu mwenye jina lile atuangalie sisi, na gita libadilike kwa sababu sisi tuko pale. Kwa mtu ambaye miaka kumi anaitwa kwa namba ya kadi, hilo si jambo la mchezo.

Sasa, hatutaki kuwa watu wa kulaumu tu. Tumeongea na vijana wawili wanaofanya kazi za mitambo mjini, na tumejaribu kuelewa upande wa msanii pia. Bendi kamili ya rumba inaweza kuwa na watu kumi na tano, hata ishirini. Kila mmoja anataka nauli, chakula, mahali pa kulala, karatasi za kuvuka mpaka. Promota akipiga hesabu anaona mwimbaji, wanenguaji wawili na kompyuta ni nafuu mara kumi. Tena laivu inataka mitambo mizuri na fundi anayeijua, inataka muda wa kujaribu sauti kabla watu hawajafika, inataka umeme usiokatika. Ukimleta msanii saa kumi na moja na kumwambia aondoke kabla ya saa kumi na mbili kwa sababu ya usalama, umeshaamua kwa niaba yake kwamba ataimba na flashi. Mara nyingine mwenye kosa si aliyeshika maiki. Ni aliyeandika ratiba.

Pia tunatofautisha mtu aliyechoka na mtu aliyetudharau. Mzee akipanda jukwaani na sauti imepungua, hatumcheki. Tunamsaidia kuimba. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan Aprili 2016 akiwa kazini, akafariki, na hakuna hata mmoja kati yetu anayeomba msanii yeyote ajiue kwa ajili yetu. Imba nyimbo tatu tu, lakini ziimbe wewe. Njoo na gita moja tu, mkae wawili kwenye viti, mtupigie taratibu. Tungekaa kimya kama kanisani. Kinachouma ni uongo wa kwamba kitu kinafanyika wakati hakifanyiki, na ile imani kwamba hawa watu wa kambi hawatajua.

Na msifikiri ni sisi tu wenye maneno mengi. Duniani kote watu wakidanganywa jukwaani wanasema. Mwaka 1989 kundi la Milli Vanilli lilikuwa linatumbuiza Bristol, jimbo la Connecticut huko Marekani, na rekodi iliyokuwa ikipigwa ikakwama, ikawa inarudia maneno yale yale tena na tena mbele ya watu. Baadaye ikajulikana kwamba hata kwenye albamu sauti hazikuwa zao, na mwaka 1990 wakanyang'anywa tuzo yao ya Grammy. Hakuna aliyewaambia Wamarekani washukuru. Julai 2016 video ilimwonyesha Koffi Olomide akimpiga teke mmoja wa wanenguaji wake kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi. Wakenya walipiga kelele, akakamatwa na kurudishwa kwao, na tamasha walilokuwa wakilisubiri halikufanyika. Wapenzi wa muziki wake Kenya ni wengi mno, lakini walikubali kukosa kuliko kuburudishwa hivyo. Tunawaheshimu kwa hilo. Nchi ikikasirika inaitwa nchi yenye msimamo. Kwa nini kambi ikikasirika iitwe kambi isiyo na adabu?

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaotutia hofu. Tamasha likiharibika, si masikio tu yanayoumia. Agosti 1992 mjini Montreal, Kanada, Metallica walikatisha onyesho baada ya mwimbaji wao James Hetfield kuungua kwa moto wa mapambo ya jukwaani. Guns N' Roses waliofuata wakachelewa kuingia, na walipoingia wakaondoka mapema. Watu wakafanya fujo kubwa, uwanja na mitaa ikaharibiwa. Na sisi Wakongomani hatujasahau tarehe 29 Oktoba 2022, Stade des Martyrs, Kinshasa, kwenye tamasha la Fally Ipupa. Uwanja ulijaa kupita kiasi, na watu 11 walikufa, wakiwemo askari polisi 2. Pale msanii aliimba, tatizo lilikuwa wingi wa watu na maandalizi. Lakini somo ni lile lile: anayekusanya maelfu ya watu amebeba maisha yao mpaka watakapofika nyumbani. Kambini hatuna mageti, hatuna taa, na kituo cha afya kinaweza kuwa mbali. Umati uliokaa juani siku nzima bila maji, kisha ukaangushwa jioni, unaweza kugeuka. Siku ile kwetu haukugeuka. Tunamshukuru Mungu, lakini tusimpe Mungu kazi ya kupanga ratiba.

Mambo ya kulipia nayo tuyaguse kidogo, maana wengi wetu huwa tunachanga pesa kwenda kwenye matamasha ya mjini. Bango lina sura tatu, anakuja mmoja. Au wanakuja wote, lakini kila mmoja nyimbo mbili. Tangazo linasema saa mbili usiku, msanii anapanda saa tisa, wakati boda zote zimeshalala na kijana aliyetoka kambini kwa ruhusa ya siku moja anatakiwa arudi. Ukidai pesa yako unaambiwa, "Wewe mkimbizi, unalalamika nini?" Ahadi ni deni, na bango ni ahadi. Ila mtu asiye na pa kushtaki huwa anadaiwa yeye.

Basi tunataka nini? Tumekaa, tumeandika mambo ambayo tunafikiri hayahitaji pesa nyingi. Tunawaomba wanaoandaa matamasha kambini wayasome kwa nia njema.

Moja. Semeni ukweli kwenye tangazo. Kama ni laivu, semeni laivu. Kama msanii anakuja na flashi, semeni anakuja kusalimia na kucheza na watu. Tutakuja vilevile, wengi tu, na hatutakuwa na neno. Uongo ndio unaoharibu.

Mbili. Afadhali bendi ndogo ya kweli kuliko jina kubwa la uongo. Pesa ya nyota mmoja kwa nusu saa ingeweza kuleta kundi la watu sita wasio na majina makubwa wakapiga masaa matatu.

Tatu. Ndani ya kambi zetu kuna wapiga gita, wapiga ngoma, waimbaji wa kwaya wanaojua nyimbo zote za huyo mgeni. Mwambieni mgeni mapema, mtumieni rekodi ya vijana wetu, afike siku moja kabla, wafanye mazoezi pamoja, wampigie. Atapata bendi bila kulipa nauli hata moja. Nao watapata kitu ambacho hakuna mafunzo ya wiki mbili yanayoweza kuwapa.

Nne. Bendi ya hapa ikiahidiwa nusu saa, ipewe nusu saa, kwa maiki ile ile na spika zile zile. Msiwaweke vijana wetu kama kitu cha kujazia muda wakati mkubwa yuko njiani. Kama kuna kitu cha kupunguzwa, punguzeni hotuba.

Tano. Tamasha liishe jua likiwa bado lipo. Msanii akichelewa, alipwe pungufu, na hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hajapanda gari. Pawepo na maji ya kunywa, kivuli kwa akina mama wenye watoto na kwa wazee, na watu wa kuwasindikiza wanaokwenda mbali.

Sita. Baada ya tamasha, njooni na fomu. Tuulizeni kama sabuni. Na majibu msiyafungie kabatini. Mpelekeeni msanii pia ayasome.

Haya si maneno ya ndotoni. Kule Malawi, kambi ya Dzaleka, mkimbizi mwenzetu kutoka Kongo, Trésor Nzengu Mpauni, anayejulikana kama Menes la Plume, alianzisha Tumaini Festival mwaka 2014. Wasanii wa nje wanapanda jukwaa moja na wasanii wa kambini, na wageni wanaotoka mjini wanaweza kulala kwenye nyumba za wakimbizi, wakala chakula chao. Hebu fikirini tofauti iliyopo hapo. Mgeni ambaye amelala kwako, ameoga kwa maji uliyomchotea, atashindwaje kukuangalia usoni kesho akiwa na maiki? Na walio wa Goma kati yetu wanaikumbuka Amani Festival, iliyoanza mwaka huo huo wa 2014 katikati ya mji uliochoshwa na vita, vijana wa pale wakijitolea kwa wingi. Hayo yote yalifanywa na watu wenye shida kama zetu. Kwa hiyo inawezekana.

Kwa wasanii wenyewe, hasa nyinyi mliotoka kwetu na mnajua Kiswahili chetu na Kilingala chetu, tunasema kwa heshima: wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkija kambini, sisi ndio wenyeji. Inashangaza kidogo, watu wasio na nchi kuwa wenyeji, lakini siku ile ndivyo ilivyo. Sisi ndio tunaofagia uwanja, sisi ndio tunaowapigia makofi ya kwanza. Njooni na mlicho nacho, hata kama ni kidogo, lakini kiwe cha mikono yenu na koo zenu. Na mkiita majina, ulizeni kwanza vijiji vyetu vinaitwaje. Viiteni. Mtaona uwanja utakavyotikisika.

Kwa vijana wenzetu, tusikubali kuambiwa kwamba masikio yetu ni ya bure. Tukipenda, tuseme tumependa, kwa sauti kubwa. Tukiangushwa, tuseme pia, bila matusi na bila kurusha mawe, kwa barua yenye majina yetu chini. Sisi barua hii tumeshaiandika, na tutaipeleka kwa mkono ofisini kabla ya maandalizi ya tarehe 20 Juni kuanza. Bendi yetu imerudi kwenye mazoezi. Gita bado ni la kuazima, waya wa tatu unakatika kila wiki. Mwenye waya wa ziada atuandikie.

Na nyinyi mlioko Kakuma, Nyarugusu, Dzaleka na kwingine, tuambieni: kwenu ilikuwaje? Nani alikuja akapiga kweli? Semeni na mazuri pia, maana yapo, na wanaofanya vizuri wanastahili kuitwa majina.